Upendeleo wa bidhaa za ndani kwenye zabuni za serikali: hesabu zake, na mahali viwanda vyetu vinapoangukia

FundiBei (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Kila zabuni kubwa ya vifaa ikitangazwa mshindi, kilio ni kilekile: "Sheria inawapendelea wazawa, mbona mgeni kachukua?" Sikatai kwamba kuna mengine, lakini ukichukua nyaraka ukazisoma, mara nyingi jibu limo kwenye jedwali la bei ambalo kiwanda chetu chenyewe kilijaza. Upendeleo unadaiwa kwa karatasi, na unadaiwa kabla zabuni hazijafunguliwa.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyaweka kapu moja.

La kwanza ni zabuni zilizofungiwa wa ndani, mgeni haingii kabisa. Kwa Tanzania, Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, ilipandisha kikomo cha kazi za ujenzi zilizotengwa kwa makandarasi wa ndani kutoka shilingi bilioni 10 hadi bilioni 50. La pili ni lile fungu la asilimia 30 la makundi maalum: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. La tatu ni nafuu ya bei, yaani asilimia inayopachikwa kwenye bei ya mgeni wakati wa kulinganisha. Hili la tatu ndilo lenye hesabu, na ndiko viwanda vinakoumia.

Nitatumia nyaraka sanifu za Benki ya Dunia za ununuzi wa bidhaa kwa ushindani wa kimataifa, maana miradi mingi ya umeme, maji na afya hupitia huko. Zabuni hugawanywa makundi matatu:

Kundi A: bidhaa imetengenezwa nchini kwa mnunuzi, na ujira, malighafi na vipuri vya humo nchini vinazidi asilimia 30 ya bei ya mlangoni kiwandani. Kiwanda kiwe kinatengeneza au kuunganisha bidhaa ya aina hiyo angalau tangu siku ya kuwasilisha zabuni.

Kundi B: imetengenezwa nchini, lakini asilimia 30 haikuvukwa au sharti la kiwanda halikutimia.

Kundi C: imetengenezwa nje, iwe imeshaingizwa au itaingizwa.

Mtathmini anatafuta wa bei ya chini katika kila kundi, kisha anawalinganisha hao. Wa chini kabisa akiwa wa A au B, biashara imeisha, ndiye anayechaguliwa. Akiwa wa C, basi bei zote za kundi C zinaongezewa asilimia 15 ya bei ya CIP (mzigo umelipiwa usafiri na bima hadi mahali palipotajwa), halafu zinalinganishwa tena na wa chini wa kundi A. Hiyo 15 ni ya kulinganishia tu. A akishinda, mkataba unasainiwa kwa bei yake aliyoandika, na C akishinda hivyohivyo.

Someni tena hapo: nafuu inamlinda A peke yake. B hapati hata senti. Kiwanda kiko Tanzania, wafanyakazi Watanzania, kodi kinalipa, lakini kikiwa B kinapambana na mgeni ana kwa ana.

Mhandisi_Karakana

Umeianza vizuri mkuu. Ngoja niweke hesabu ya asilimia 30, maana hapo ndipo pa kufia. Tuchukue mfano wa transfoma ya kusambazia umeme. Takwimu ni za mfano, ila mgawanyo unafanana na uhalisia.

Bei ya mlangoni kiwandani: shilingi 20,000,000 kwa moja.

Vya ndani:
- ujira wa kiwandani 2,400,000
- tenki na mfuniko, vimechomelewa na karakana ya jirani 2,700,000
- rangi iliyotengenezwa nchini 250,000
- makreti ya mbao 150,000

Jumla 5,500,000. Gawa kwa 20,000,000 unapata asilimia 27.5. Uko kundi B.

Vya nje (chuma cha kiini, waya za shaba, karatasi ya kuhami umeme, mafuta, vikombe vya kauri) pamoja na ushuru wake ni 11,300,000. Zinazobaki 3,200,000 ni gharama za uendeshaji na faida.

Angalieni kitu hapa. Kigawanyo ni bei nzima, faida ikiwemo. Kigawanywa ni ujira, malighafi na vipuri tu. Faida yako haihesabiwi humo hata kama ni ya Mtanzania mia kwa mia. Maana yake ukipandisha faida, asilimia yako ya vya ndani inashuka. Shusha bei hadi 18,000,000 bila kugusa chochote kingine: 5,500,000 gawa 18,000,000 ni 30.56. Umeingia A.

Njia nyingine ni kuhamishia kipuri kimoja nchini. Tuseme radieta za kupozea, zilizokuwa zinaagizwa, sasa zinatengenezwa hapa kwa 700,000. Vya ndani vinakuwa 6,200,000, ambayo ni asilimia 31 ya milioni 20. Uko A bila kushusha bei.

FundiBei

Asante sana Mhandisi. Sasa tupeleke hiyo hiyo kwenye mlinganisho.

Mgeni kaandika CIP bandari ya Dar es Salaam 17,000,000, na usafiri hadi eneo la mradi 400,000. Bei yake ya tathmini ni 17,400,000. Ongeza asilimia 15 ya CIP, yaani 2,550,000. Inakuwa 19,950,000.

Kiwanda chetu kwa bei ya 18,000,000 na usafiri 400,000 ni 18,400,000. Kinashinda.

Kwa bei ya 20,000,000 na radieta za ndani ni 20,400,000. Kinashindwa, ingawa kipo A. Lazima bei ya mlangoni iwe chini ya 19,550,000. Kwa hiyo kuingia A ni nusu ya safari. Ukiweka 19,500,000 na radieta za ndani, asilimia yako ni 31.8 na bei ya tathmini ni 19,900,000. Hapo umepita kwa 50,000 tu, lakini umepita.

Na lile toleo la 27.5, hata kama lingeuza kwa 18,500,000? Hapana, hilo linahesabika upya: 5,500,000 gawa 18,500,000 ni 29.7. Bado B. Mtu anaweza kukosa mkataba wa transfoma mia tatu kwa pengo la asilimia 0.3 ambalo angeliziba kwa kununua makreti bora na boliti za hapa hapa.

Nondo_na_Bati

Wakuu swali. Nikinunua bamba za chuma kwa wakala pale Dar, nina risiti ya EFD na kila kitu, hiyo si malighafi ya ndani?

Mhandisi_Karakana

Hapana ndugu, na hili ndilo kosa linalofukuza wengi kutoka A kwenda B wakati wa uhakiki. Risiti inathibitisha ulinunua wapi. Kinachoulizwa ni chimbuko: ilichimbwa, ililimwa, ilitengenezwa au ilichakatwa wapi. Bamba lililotoka nje likakaa ghalani kwa wakala miezi sita linabaki la nje.

Ila nyaraka hizohizo zinakubali kwamba uchakataji ukizaa kitu kingine kinachotambulika kibiashara, tofauti kimsingi na vilivyoingia, hicho kipya chimbuko lake ni pale kilipozaliwa. Tenki lililokunjwa na kuchomelewa na karakana ya hapa si bamba tena. Ndiyo maana nimelihesabu kama kipuri cha ndani. Lakini mtathmini hatakuamini kwa maneno: ambatisha barua ya karakana, ankara yake, na maelezo mafupi ya hatua za kazi (kukata, kukunja, kuchomelea, kupima uvujaji, kupaka rangi). Hilo la tenki likikataliwa, asilimia 27.5 ya mfano wangu inaporomoka hadi 14. Kama una shaka litasomwaje, omba ufafanuzi kwa maandishi mapema.

Forodha_Kitabu

Naongezea jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Bei za A na B zinaandikwa pamoja na ushuru na kodi zilizolipwa kwenye vipuri na malighafi zilizoagizwa, isipokuwa kodi ya mauzo ya bidhaa iliyokamilika. Bei ya C inalinganishwa bila ushuru wa forodha. Kwa hiyo mtengenezaji wa ndani anaingia ulingoni amebeba ushuru mgongoni na mwenzake hajabeba.

Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki unaanzia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 kuna ngazi ya 35 kwa baadhi. Turudi kwenye mfano: vya nje 11,300,000. Tuseme vyote viliangukia 10. Ushuru ndani yake ni takriban 1,030,000 kwa kila transfoma. Hiyo ni karibu asilimia 5 ya bei, na zaidi ya theluthi ya ile nafuu ya 2,550,000 imeliwa kabla hamjaanza.

Dawa ipo: utaratibu wa Jumuiya wa kuondolewa ushuru kwa malighafi za viwandani. Kiwanda kinaomba kupitia wizara na mamlaka husika, kikikubaliwa kinatajwa kwenye Gazeti la Jumuiya pamoja na kiasi na muda. Tatizo la watu ni kuomba baada ya zabuni kutangazwa, wakati zabuni inafungwa ndani ya wiki chache. Ombi hili ni la kalenda ya mwaka wa fedha, na likichelewa unaandika bei yenye ushuru kisha unalalamika.

Na msisahau: kwenye nyaraka hizi "ndani" ni nchi ya mnunuzi. Transfoma ya Nairobi ikiombewa zabuni ya Dodoma ni kundi C, japo mpakani haitozwi ushuru ikiwa na cheti cha uasili. Undugu wa Jumuiya hauingii kwenye jedwali hili.

Wakili_Ngong

Hamjambo jamani, niongezee ya Kenya, kwa sababu huku nafuu imo ndani ya sheria yenyewe ya 2015 (Public Procurement and Asset Disposal Act) na kanuni zake za 2020.

Kifungu cha 157 kinatoa mambo mawili tofauti. Pale pesa zote ni za serikali kuu au ya kaunti na kiasi kiko chini ya kikomo kilichowekwa kwenye kanuni, tenda ni ya Wakenya pekee. Pale tenda ni ya kimataifa, kuna nafuu ya asilimia kwa bidhaa zilizotengenezwa, kuunganishwa, kuchimbwa au kukuzwa Kenya, na kwa kampuni kulingana na hisa za Wakenya.

Kinachosahaulika ni 157(9): mzabuni wa kigeni kwenye tenda ya kimataifa lazima aonyeshe, kama sharti la hatua ya awali, kwamba angalau asilimia 40 ya bidhaa zake atazipata kwa wakandarasi wananchi, na mipango hiyo iwe imefanywa *kabla* ya kuwasilisha tenda. Wengi huambatisha barua ya ahadi ya mistari miwili. Ukiwa mshindani wa ndani, hapo ndipo pa kupekua. Dai mkataba wa ugavi, orodha ya bidhaa na thamani yake. Na ukiwa msambazaji mdogo, hilo ni soko: kampuni ya kigeni inakuhitaji kabla ya siku ya kufungua, kwa hiyo nenda na bei iliyotiwa sahihi yenye muda wa kutumika unaozidi muda wa tenda.

Kifungu cha 155(5) nacho ni silaha. Taasisi ikitaka kununua kitu kisichotengenezwa Kenya hata kwa sehemu, afisa mhasibu (mkuu wa taasisi) anatakiwa aandaliwe ripoti yenye ushahidi kwamba bidhaa ya hapa haikuweza kupatikana. Viatu, sare, samani, nyaya: omba hiyo ripoti kwa maandishi.

Ukionewa, una siku 14 tangu kuarifiwa matokeo kwenda kwenye bodi ya mapitio (PPARB), nayo ina siku 21 za kuamua. Siku 14 zinahesabiwa tangu ulipoarifiwa. Kuandikia taasisi barua za kusihi hakusimamishi saa.

Mnunuzi_Idara

Niseme kwa upande wa wanaoandaa zabuni, kwa kuwa bidhaa ya ndani mara nyingi huuawa kwenye vigezo vya kiufundi, kabla hata nafuu haijaguswa.

Kosa la kwanza ni kutaja kiwango cha nje pekee. Fundi sanifu anachukua vigezo vya mradi wa zamani, ananakili "nondo za kiwango cha Uingereza", wakati kiwanda cha hapa kina leseni ya alama ya ubora kwa EAS 412. Saruji ina EAS 18-1. Bati la zinki lina EAS 11. Andika kiwango cha Afrika Mashariki, kisha ongeza maneno "au kinacholingana nacho". Maneno matatu hayo yanafungua mlango pande zote mbili.

La pili ni ukubwa wa loti, yaani fungu moja la zabuni. Chukua madawati 4,000. Karakana inayotoa 15 kwa siku inahitaji siku 267 za kazi. Muda wa kupeleka ukiwa siku 60, umeshafuta karakana zote za wilaya na kubakiza mwagizaji mwenye kontena. Gawa loti nane za 500, kila moja ni siku 34, halafu ruhusu mtu aombe loti moja au zaidi. Angalizo: loti zote ziwe ndani ya tangazo moja na njia ya ununuzi ichaguliwe kwa thamani ya jumla. Ukizipasua kuwa zabuni ndogondogo ili ukwepe ushindani wa wazi, hilo ni kosa kisheria, Tanzania na Kenya pia.

La tatu, uzoefu. "Awe amesambaza mikataba mitatu yenye thamani sawa" kwa kiwanda kipya ni ukuta. Kama hatari ni ubora, pima ubora: sampuli, ukaguzi wa kiwandani, ripoti ya maabara. Samani za shule unaweza kuzipima kwa kuona mbao zimekauka kiasi gani, na viungo vimeshikwa kwa gundi na tundu la ulimi au kwa misumari tu. Uzoefu wa karatasi hauonyeshi hayo.

Na wazabuni nao: leseni ya alama ya ubora ina tarehe ya mwisho na inataja bidhaa husika. Mtu anapandisha kwenye NeST (mfumo wa zabuni wa mtandaoni wa Tanzania) leseni ya saruji ya daraja la nguvu 32.5 kwa zabuni ya 42.5. Hiyo haina mjadala.

Nondo_na_Bati

Na kazi za ujenzi? Asilimia 15 inatumika?

FundiBei

Ujenzi ni 7.5 kwenye nyaraka za Benki ya Dunia, inaongezwa kwenye bei za wasiostahili. Kustahili ni: kampuni imesajiliwa nchini, wengi wa wenye hisa ni raia, na haitoi zaidi ya asilimia 10 ya bei ya mkataba (ukiondoa fedha za tahadhari) kwa wakandarasi wadogo wa kigeni. Kwa ubia, kila mwanachama atimize usajili na umiliki wa zaidi ya nusu, na ubia wenyewe usajiliwe nchini.

Pa kuangukia ni hiyo 10. Mkandarasi wa ndani anaombea daraja, kisha anaandika kampuni ya kigeni kwa nguzo za msingi zenye asilimia 18 ya mkataba. Nafuu imekwenda. Kodisha mtambo na mwendeshaji wake kwa siku, uongoze kazi mwenyewe, au tafuta mkandarasi mdogo wa nchini.

Kingine cha karibuni: tangu Septemba 2025 Benki hiyo inataka angalau asilimia 30 ya gharama za nguvukazi kwenye zabuni za kimataifa za ujenzi ziende kwa wafanyakazi wa nchi husika. Hilo ni sharti, halina uhusiano na 7.5. Orodha ya mishahara ndiyo itakayokaguliwa, kwa hiyo mikataba ya vibarua iwe ya maandishi tangu siku ya kwanza.

Bomba_Minneapolis

Salamu kutoka Marekani. Huku kwenye miradi ya miundombinu yenye fedha za serikali kuu mfumo ni tofauti, na una funzo moja la kuchukua. Sheria ya Novemba 2021 inataka chuma chote kiwe cha Marekani kuanzia kuyeyushwa hadi kupakwa kinga ya kutu. Kwa bidhaa za viwandani, zaidi ya asilimia 55 ya gharama ya vipuri iwe ya Marekani. Vifaa vya ujenzi kama mabomba ya plastiki, vioo, mbao na nyaya za nuru navyo vimo. Saruji, mchanga na kokoto havimo. Msamaha wa bei hutolewa pale gharama ya mradi mzima ingepanda kwa zaidi ya asilimia 25.

Funzo lenyewe: ushahidi unasafiri na chuma. Kila bomba lina namba ya yeyusho (mkupuo wa chuma kilichoyeyushwa pamoja) iliyogongwa, cheti cha kiwanda kina namba hiyohiyo, na kila aliyeligusa (aliyekunja, aliyepaka zinki) anatoa barua yake. Bomba likiyeyushwa Marekani likapakwa zinki nje ya nchi, halifai. Viwanda vya nyumbani vikianza leo kufungua faili kwa kila shehena ya malighafi, namba ya yeyusho, ankara na cheti pamoja, siku ya kujaza jedwali la kundi A hakuna atakayekesha akitafuta makaratasi.

Dada_Ugavi

Vikundi je? Tuna cheti cha AGPO (mpango wa Kenya wa kutengea vijana, wanawake na wenye ulemavu tenda za serikali), lakini hatupati.

Wakili_Ngong

Dada, angalia mambo haya. Cheti kinadumu miaka miwili, kikiisha hata jana hufai. Umiliki wa kundi lengwa uwe asilimia 70 na uongozi wote uwe wao, na hati ya usajili wa kampuni ionyeshe hivyo leo, baada ya mabadiliko yoyote ya hisa. Usilipie dhamana ya benki: kwa tenda zilizotengwa, kifungu cha 61 kinataka tamko la dhamana lililotiwa sahihi tu. Halafu bei. Kutengewa hakuruhusu kuuza juu ya bei ya soko, na kamati ikiona karatasi ya A4 kwa mara mbili ya bei ya dukani itakuacha.

Nondo_na_Bati

La mwisho. Nina nyaraka hapa, sioni kifungu chochote cha nafuu kwa bidhaa za ndani. Itahesabiwa tu?

FundiBei

Haitahesabiwa. Nafuu inatumika pale tu nyaraka zimesema hivyo. Fungua jedwali la taarifa za zabuni, tafuta mstari wa upendeleo wa ndani. Kama umeandikwa "hautatumika" au haupo, andika ombi la ufafanuzi kupitia mfumo kabla ya tarehe ya mwisho ya maswali, utaje kifungu cha maelekezo kwa wazabuni na uulize kama makundi A, B na C yatatumika. Wakikubali, watatoa nyongeza ya nyaraka kwa wazabuni wote. Ukisubiri hadi baada ya ufunguzi, kamati haina ruhusa ya kuingiza kigezo kipya hata kama inakuonea huruma.

Na ukishajibiwa, jaza lile jedwali la bei la bidhaa za ndani, si la bidhaa za kuagiza. Lina safu ya asilimia ya ujira, malighafi na vipuri vya nchini. Ukijiweka kundi lisilo lako mnunuzi ana mamlaka ya kukupanga upya, lakini atakupanga kwa alichokikuta kwenye karatasi. Safu hiyo ikiwa tupu, hana cha kukupeleka nacho A.